MAMBO YA NYUMBANI: Kuni na Moto wa Jioni

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ifikapo, watu wakaao Limuru, Kinangop, Molo, Nyeri na kando ya msitu wa Mau hujua kwamba blanketi moja halitoshi. Ukungu hushuka tangu alfajiri, jua huonekana saa chache tu, na manyunyu huanguka ambayo hayatoshi kunywesha shamba lakini yatosha kuzuia nguo zisikauke. Wakati huo ndipo mwenye nyumba ya mawe iliyojengewa meko ukutani hukumbuka kwamba anayo meko, akamtuma mtoto nyuma ya nyumba kuleta kuni. Mtoto huleta alichokikuta, yaani vipande vya mkaratusi uliokatwa juma lililopita. Moto hukataa kuwaka. Moshi hurudi chumbani, wageni hufuta machozi kwa adabu bila kusema neno, mafuta ya taa humiminwa, na mwishowe mama huja na jiko la makaa kutoka jikoni, likawekwa katikati ya chumba, na madirisha yakafungwa ili joto lisitoroke. Watu huenda kulala wamefurahi. Hapo, bila mtu yeyote kukusudia, nyumba ile imetoka katika taabu ya moshi na kuingia katika hatari ya mauti.

Kuni mbichi za saa moja jioni na jiko la makaa la saa nne usiku ni jambo moja, si mawili. Mwenye kuni kavu na dohani inayovuta hana haja ya kuingiza jiko mahali pa kulala. Kwa hiyo habari ya usalama wa moto haianzi kwenye kiberiti. Yaanzia kwenye shoka, nayo yaanza zaidi ya miezi sita kabla ya baridi.

Mti ulio hai umejaa maji. Katika kilo 10 za kuni zilizokatwa leo, kilo 4 au 5 zaweza kuwa maji matupu. Zikikaushwa vema, maji yaliyosalia huwa sehemu moja katika tano au pungufu. Anunuaye kuni mbichi kwa mzani amenunua maji kwa bei ya kuni, na nauli ya kuyabeba amelipa pia. Watu wengi hudhani kwamba hasara yake ni ule moto unaotumika kuyachemsha maji hayo. Ni kweli, lakini hiyo ni hasara ndogo. Ukifanya hesabu utaona kwamba maji hula kama sehemu moja katika saba ya joto lote. Hasara kubwa ni nyingine, na yafaa ifahamike vizuri.

Mti hauungui wote kwa namna moja. Ukipashwa moto, kwanza hutoa mvuke wa maji. Kisha hutoa hewa nyingi ziwezazo kuwaka, na hizo ndizo zifanyazo mwali. Hewa hizo zikiisha, husalia kaa. Karibu robo tatu ya uzito wa mti mkavu hutoka kwa njia ya hewa hizo. Basi maji yakiwa mengi, yanaupoza moto, na hewa zile hutoka bila kushika mwali, zikapanda dohanini zikiwa moshi mzito. Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Mkulima atazamaye moshi mweusi ukitoka juu ya paa lake anatazama mali yake ikienda zake, na sehemu ya mali hiyo haiendi mbali. Hugandamana ndani ya dohani kama lami, ikangoja siku ya kushika moto.

Mwaka wa mkulima wa milimani unajulikana: masika huanza Machi hadi Mei, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kati yake Januari na Februari hutoa jua kali na upepo mkavu. Jua hilo ni la bure, nalo ndilo tanuri la kukaushia kuni. Atakaye kuota moto wa Julai na akate miti yake mwaka unaotangulia, kati ya Septemba na Desemba, aichanje palepale, na kuipanga ili jua la Januari liikute tayari. Vipande vyembamba vya muwati vyaweza kufaa baada ya miezi sita. Magogo ya miti migumu huhitaji mwaka mzima au zaidi. Akatiaye Juni kuni za Julai anajidanganya.

Kuchanja ni nusu ya kukausha. Gome la mti liliumbwa kuzuia maji yasitoke, nalo huendelea na kazi hiyo hata mti ukiisha kufa. Gogo zima lililolala nyasini mwaka mmoja laweza kupasuliwa likaonekana bado na maji moyoni, huku nje limekwisha kuoza na kuliwa na mchwa. Lakini likipasuliwa vipande vya unene wa mkono wa mtu, maji hutoka kupitia pande zilizopasuliwa na kupitia ncha zake. Mkaratusi hasa haufai kungojewa: ukiwa mbichi hupasuka kwa mapigo machache, ukikauka nyuzi zake hujisokota na kukaza, shoka likanasa, na kijana aliyetumwa kuuchanja atatafuta kisingizio.

Kuni zilizochanjwa zipangwe juu ya mawe au fito mbili, zisiguse udongo, na kila safu iache nafasi ya upepo kupita. Juu huwekwa bati la kuzuia mvua. Ubavuni huachwa wazi. Wako watu wanaofunika mrundo wote kwa karatasi ya plastiki kutoka juu hadi chini na kuifunga kwa kamba, kama wafunikavyo mgonjwa. Baada ya miezi mitatu huikuta imejaa matone ndani, na kuni zimeota ukungu. Mrundo usiegemee ukuta wa nyumba, hasa ukuta wa mbao, kwa sababu mchwa hupata daraja na nyoka hupata kivuli.

Katika majiko ya zamani ya kina mama, kuni huwekwa juu ya uchaga ulio juu ya mafiga, zikapata joto na moshi kila siku. Desturi hiyo ni ya akili, maana humaliza kazi ambayo jua halikuimaliza. Hatari yake ni kwamba kuni zilizokauka hivyo huwa kama kiberiti, na cheche moja ndefu yatosha. Uchaga uwe juu sana, na usibebe zaidi ya kuni za siku mbili.

Namna ya kutambua kuni kavu haihitaji mashine. Ncha zake huwa na nyufa zilizotawanyika kutoka katikati kama miale. Gome hubanduka kwa kidole. Kipande huwa chepesi kuliko ukubwa wake uonekanavyo. Vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, kama vijiti vya ngoma, bali vilivyo vibichi hutoa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Na aliyekosea dalili zote hizo ataambiwa na moto wenyewe: ukuni mbichi hulia chwii na kutoa povu kwenye ncha.

Baada ya ukavu ndipo swali la aina ya mti lifuatapo, wala si kabla yake, kwa kuwa saipresi iliyokauka hushinda mzeituni uliokatwa jana. Kwa nyumba nyingi za milimani, muwati hauna mpinzani. Mti huu ulitoka Australia, ukapandwa Kenya kwa ajili ya magome yake yatumikayo kutengenezea ngozi. Gome likiisha kuondolewa, husalia mti unaopasuka kwa urahisi, wenye moto mkali na makaa yanayodumu. Mkaratusi nao ulitoka Australia, ukaletwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 ili magari moshi ya reli ya Uganda yapate kuni. Ukikauka huwaka kwa nguvu, lakini ukiwa mbichi ni miongoni mwa miti yenye maji mengi sana, na majani yake yana mafuta yanayolipuka mwali ghafula. Tawi lenye majani lisitupwe mekoni watoto wakiwa karibu. Grevilia ipandwayo kati ya mikahawa na mipakani mwa mashamba ni kuni za kadiri, nzuri za kuanzia moto, tena hupatikana kwa kupogoa bila kuua mti. Mkahawa mzee ung'olewao shambani ni mgumu na mzito, na visiki vyake vikikauka mwaka mzima hukaa na moto usiku kucha. Watu huviacha vioze kwa kuwa havipendezi macho.

Saipresi na misonobari ina ulimbo. Huwaka upesi, hunukia vizuri, na hurusha cheche mbali kuliko mtu anavyotazamia. Vijiti vyake vinafaa kuwashia. Atakayetumia magogo yake hana budi kuweka wavu wa chuma mbele ya meko, wala asiondoke chumbani.

Mzeituni mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, ndio kuni ambazo wazee huzisifu: nzito, moto wake mtulivu, moshi wake mchache na wenye harufu njema, hata Wamaasai hutumia vijiti vyake vinavyowaka kusafishia vibuyu vya maziwa. Lakini mti huo hukua polepole mno. Mtu akatapo mzeituni wa unene wa kiuno anachoma miaka ambayo hataishi kuirudisha. Matawi yaliyoanguka yatosha. Mugumo hauna haja ya kuzungumzwa sana. Kwa Wakikuyu ni mti wa ibada usioguswa kwa shoka, na hata asiyeshika mila hiyo hapati faida, kwa kuwa mbao zake ni laini, zimejaa maziwa, na joto lake ni kidogo.

Yako mambo ambayo hayafai kutiwa motoni hata yakiwa makavu kama mifupa. Mnyaa, ule mti wa ua usio na majani, una maziwa meupe ambayo yakiingia jichoni huliumiza vibaya. Usikatwe kuwa kuni. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya plaiwudi vina rangi na gundi ambazo moshi wake ni mbaya. Lakini lililo baya kupita yote ni vipande vya nguzo za stima na nguzo za ua zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo nyingi za namna hiyo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, nayo huacha rangi ya kijani katika mti. Moto hauiunguzi aseniki ikaisha. Sehemu hutoka na moshi, na sehemu kubwa husalia katika majivu. Ng'ombe hupenda kulamba majivu kwa ajili ya chumvi. Majivu ya nguzo moja yaliyomwagwa kando ya zizi yaweza kuua ng'ombe, na mwenyewe atatafuta mchawi.

Vivyo hivyo plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na pamoja na faida nyingine, marufuku hiyo ilipunguza mazoea ya kuwashia jiko kwa mfuko. Mazoea hayajaisha, sasa hutumika vifuniko, chupa na vipande vya ndala. Vijiti vya saipresi au karatasi ya gazeti la juma lililopita, likiisha kusomwa na watu wote wa nyumbani, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu meko yenyewe, mafundi wengi huyajenga kwa kukisia, na ndiyo sababu nyumba nyingi nzuri zina meko yasiyotumika ila kuwekea picha ya harusi. Kipimo ni chepesi. Uwazi wa ndani ya dohani uwe kama sehemu moja katika kumi ya mdomo wa meko. Meko yenye mdomo wa upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 70 yahitaji dohani ya sentimita 24 kwa 24 hivi, wala si bomba jembamba la maji. Juu ya paa, dohani ipite kila kitu kilicho karibu nayo ndani ya mita 3 kwa sentimita 60 au zaidi. Ikiwa fupi, upepo unaovuka kigongo cha paa huusukuma moshi kurudi chini. Sakafu iliyo mbele ya meko iwe ya mawe au saruji kwa sentimita 40 na zaidi, na mikeka, viti na nguo zianikwazo ziwe umbali wa mita moja.

Ambaye meko yake yamekwisha kujengwa nayo yanatoa moshi chumbani, asikimbilie kuyabomoa. Na achukue kipande cha bati, akishike kwa kitambaa kinene, akiweke sehemu ya juu ya mdomo wa meko wakati moto unawaka, akishushe kidogo kidogo. Mahali moshi unapoacha kurudi ndipo mdomo ulipopaswa kuishia. Fundi na aongeze hapo jiwe au bati la kudumu. Nyumba nyingi zimepona kwa sentimita 10 tu.

Jambo jingine husahauliwa na watu waliohama kutoka nyumba za nyasi kwenda nyumba za mabati na vioo. Moto huvuta hewa. Kila kiasi kinachopanda dohanini hakina budi kufuatwa na kingine kinachoingia chumbani. Katika nyumba ya nyasi hewa iliingia ukutani na moshi ukachujika katika paa lote; katika nyumba mpya, dari ikiisha kupigwa na nyufa kuzibwa, hewa haina mahali pa kupita, na dohani haiwezi kuvuta kutoka katika chupa iliyozibwa. Dirisha lifunguliwe kiasi cha vidole viwili. Wako wenye nyumba wanaoona haya kufungua dirisha mbele ya mgeni siku ya baridi; mgeni angependa baridi kidogo kuliko kukohoa.

Moshi wa majumbani si jambo la macho tu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya zilipika kwa kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5. Mtoto mchanga afungwaye mgongoni mwa mama anayechochea moto huvuta moshi ule ule avutao mama, kwa mapafu yaliyo madogo, naye hupatwa na kichomi upesi.

Dohani isafishwe mara moja kwa mwaka, na mwezi wa Mei ndio unaofaa, kabla ya baridi. Masizi yakifikia unene wa milimita 3 yamekwisha kuwa mengi. Asafishaye hutumia brashi ya waya yenye mpini mrefu, au gunia lililojazwa matawi na jiwe, likashushwa na kupandishwa kwa kamba. Mdomo wa meko huzibwa kwanza kwa gunia bichi. Ni vema pia kutazama kama ndege au nyuki hawakufanya makao humo. Masizi yaliyoachwa yakishika moto, dohani huunguruma kama lori lipandalo mlima. Hapo watu wote na watoke nje, wenye kuweza wautupie moto wa mekoni mchanga au udongo, wala maji yasimwagwe dohanini kutoka juu, maana mawe yaliyopata moto hupasuka yakipozwa ghafula. Na moto ukiisha, dari na mbao za paa zichunguzwe kwa saa nyingi baadaye.

Kuwasha ni kazi ya dakika tano kwa mwenye kuni kavu. Dohani ikiwa baridi, hewa iliyomo huwa nzito na kushuka; karatasi moja ikiwashwa na kuinuliwa kooni mwa dohani huipasha na kuigeuza. Kisha vijiti, kisha vipande vyembamba, na vinene baadaye. Mafuta ya taa yasimiminwe kamwe juu ya makaa yaliyo hai. Yakigusa makaa huwa mvuke kabla ya kuwaka, na mvuke huo ukishika moto hufuata mkono hadi kwenye chupa. Tena si kila kinachouzwa kwa jina la mafuta ya taa ni mafuta ya taa. Yakiwa yamechanganywa na petroli, aliyeyamimina hapati nafasi ya kujuta.

Sasa yaja saa ya kulala, ambayo ni saa ya hatari kuliko zote, ingawa moto umekwisha kuwa mdogo na chumba kimekuwa safi.

Makaa ni kuni zilizokwisha kutoa moshi wake katika tanuri la mchomaji. Kwa sababu hiyo jiko la makaa halifukizi, halichomi macho, wala halinuki sana, na watu huliamini. Wengi husema kwamba jiko likiisha kuwa jekundu lote sumu yake imekwisha. Hayo si kweli hata kidogo. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi tangu mwanzo hadi yanapozimika, na hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Damu ya mwanadamu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hewa ya uhai. Ikiisha kuishika, haina nafasi ya kubeba nyingine. Mtu aliye macho huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu, miguu hulegea, akatapika. Mara nyingi hudhani ni malaria au chakula. Aliyelala haoni dalili yoyote. Hupita kutoka usingizi hata usingizi mwingine.

Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hupunguza makaa yatumikayo, na ni chombo chema. Lakini halizuii sumu hii. Wala kuweka sufuria ya maji juu yake hakuizuii, ingawa watu husimulia hivyo. Jiko la makaa mahali pake ni nje au katika jiko lililo wazi pande zake. Halina mahali katika chumba cha kulala, si kwa mtoto mchanga, si kwa mzee mwenye baridi yabisi, si kwa usiku mmoja tu. Blanketi la pili, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na soksi, havijaua mtu.

Meko ya ukutani nayo yana mtego wa namna hiyo hiyo, na yapasa wenye nyumba wa kisasa waujue. Dohani nyingine zina kifuniko cha chuma kinachofungwa kwa mkono ili joto lisipotee usiku. Mwenye nyumba huona mwali umekwisha, yamesalia makaa mekundu machache, akafunga kifuniko na kwenda kulala. Amefanya meko yake kuwa jiko la makaa lisilo na mlango. Kifuniko kisifungwe mpaka asubuhi, makaa yakiwa yamezimika na kupoa. Na hasara ya joto kidogo ihesabiwe kuwa kodi ya nyumba.

Nyumba ambayo watu wake wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja jioni, nao hupata nafuu wakitoka nje, isingoje dawa ya duka. Milango na madirisha yafunguliwe, kila mtu atoke, na aliyezimia abebwe nje kwenye upepo kisha apelekwe hospitali upesi, ambako atapewa oksijeni. Aendaye kumwokoa na afungue mlango kwanza, avute pumzi nje, aingie na kutoka bila kukawia; katika vifo vya namna hii mwokoaji mara nyingi ni wa pili.

Kwa habari za kuungua moto, maneno machache yatosha. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pafunikwe kitambaa safi, na mtoto apelekwe kwa mganga wa hospitali. Mafuta ya kupikia, unga, yai, maziwa na dawa ya meno huongeza kazi ya daktari na maumivu ya mtoto. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto.

Husalia majivu. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kukaa hai siku tatu au nne, na ndoo ya plastiki haistahimili hata usiku mmoja. Majivu na yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko, debe likawekwa nje juu ya udongo, mbali na banda na mrundo wa kuni. Yakiisha kupoa kabisa, yana kazi nyingi: yafaa kumwagwa chooni, kunyunyizwa kwenye mboga za majani, na kutiwa mashimoni mwa migomba, kwa kuwa yana potasi na chokaa. Chai haiyataki, kwani mchai hupenda udongo wenye uchachu na majivu huuondoa. Wala viazi haviyataki, maana udongo ukipungua uchachu viazi hupata upele wa ganda. Mkulima wa Limuru au Kericho aliye na chai mbele ya nyumba na migomba nyuma, basi, na alipeleke debe lake nyuma.